LIKIZO YA JAMAA MLIMANI: MASHAURI YA MTU ALIYEKOSEA KWANZA

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, mhasibu mstaafu, katika Siku ya Kukutana, baada ya chakula cha mchana. Imechapishwa kwa ombi la wasikilizaji.)



Nilipoletewa barua ya kuombwa nizungumze, nilidhani nitatakiwa kusema juu ya hesabu, kwa kuwa ndiyo kazi iliyonilisha kwa miaka thelathini na minne. Lakini Katibu aliniambia, "Sema juu ya jambo lolote ulilojifunza baada ya kutoka hapa." Basi nimefikiri sana, nikaona kwamba jambo nililojifunza kwa gharama kubwa kuliko yote ni namna ya kwenda likizo. (Kicheko)

Naam, chekeni. Hata mimi nilicheka zamani. Sisi wa kidato chetu tulifundishwa kufanya kazi, na tuliifanya. Hakuna aliyetufundisha kupumzika. Kwa miaka kumi na tisa ya ajira yangu, kila likizo niliiuza au niliitumia kwa misiba, kwa kesi za mashamba, na kwa kujenga. Watoto wangu walinijua kama mtu anayeingia usiku na kuuliza kama geti limefungwa. Mama watoto alikuwa hajawahi kulala siku moja bila ya kufikiri atapika nini kesho. Na mama yangu mzazi, aliyekuwa akikaa nasi Tanga, alikuwa na ombi moja tu: arudishwe Usambara walau mara moja, akaione Vuga, ambako alizaliwa na ambako aliondoka akiwa bibi arusi.

Basi mwaka 2008, mwezi wa Julai, nikasema, "Haya, twende Lushoto." Nilisema siku ya Jumatano, tukaondoka Ijumaa. Hivyo ndivyo nilivyopanga.

SAFARI YA KWANZA

Nitaisimulia kwa ufupi, maana si hadithi ya kujisifia. Tulikuwa watu saba: mimi, mke wangu, watoto wanne, na Mama. Tulifika usiku. Wale wanaoijua njia ya kutoka Mombo kupanda Soni hadi Lushoto wanajua kwamba ni kilomita 33 hivi tu, lakini ni kilomita za kupanda na kukata kona upande huu na upande huu. Watoto walikuwa wameshiba chapati na soda. Sina haja ya kueleza yaliyotokea ndani ya basi.

Nyumba tulizozikuta na nafasi zilikuwa mbili. Tukaingia moja, ambayo sitaitaja. Asubuhi tukaletewa chakula chenye nyama. Mama akauliza, "Aliyechinja ni nani?" Mhudumu, kijana mgeni mjini, akajibu kwa ukweli wake kwamba hajui. Mama akasukuma sahani pembeni taratibu, bila ya kumwudhi yule kijana, akaomba ndizi. Siku ile alikula ndizi na chai. Siku ya pili alikula mkate na chai. Mimi nilijiambia, "Mama anatia shaka kupita kiasi." Leo najua kwamba kosa halikuwa lake wala la yule kijana. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu swali lile lilikuwa la kuulizwa na mimi, wiki tatu kabla, si la kuulizwa na mwanamke wa miaka sabini na mmoja mwenye njaa mbele ya sahani.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa ninyi vijana. Julai huko juu ni baridi. Mji uko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na usiku wa Juni, Julai na Agosti baridi yake huingia mifupani mwa mtu wa pwani. Tulikuwa tumebeba shuka za Tanga. Usiku wa pili nikaomba jiko la mkaa kutoka jikoni, nikaliingiza chumbani walimolala watoto na bibi yao, nikafunga dirisha na mlango vizuri ili joto lisitoke. Nilijiona baba mwenye huruma.

Mama alikuwa na desturi ya kuamka usiku kuswali. Aliamka, akaona kichwa kinazunguka na miguu haimtii. Alitambaa mpaka mlangoni, akaufungua, akapiga kelele. Mtoto wetu wa mwisho, aliyekuwa na miaka sita, hakuamka tulipomwita. Tulimbeba nje kwenye ubaridi, tukampeleka hospitali, na kwa rehema ya Mungu akazinduka, akatapika, akalia. Sijapata kusikia sauti tamu kuliko kilio kile.

Mkaa unaowaka mahali pasipo hewa ya kutosha hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Huikamata damu ya mtu mahali pa oksijeni, na aliyelala hupitiliza usingizini bila ya kuhisi kitu. Kila mwaka husikika nyumba ambayo watu walilala wakiwa wazima na asubuhi hawakuamka. Kama mtasahau kila neno nililolisema leo, kumbukeni hili moja: jiko la mkaa lisiingie katika chumba cha kulala, hata likiwa limebaki makaa mekundu tu bila moshi. Baridi dawa yake ni blanketi.

Tulirudi Tanga siku iliyofuata. Vuga hatukuiona.

MPANGO

Mwaka mzima ule sikuwa na raha. Ndipo nikamwandikia mwenzangu mmoja wa bweni, Msambaa wa Mlalo, Mlutheri, ambaye wakati ule alikuwa akikaa Lushoto. Yumo humu ukumbini na amenikataza nisimtaje jina. (Kicheko) Akanijibu, "Wewe mhasibu mzima, unaweza kusafirisha jamaa bila ya bajeti? Kaa chini uandike." Nikakaa, nikaandika. Haya ndiyo niliyoyaandika, na ndiyo mashauri yangu kwenu.

Kwanza, majira. Masika, Machi hadi Mei, mvua ni nyingi na njia za vijijini huwa tope. Juni hadi Agosti ni kukavu zaidi lakini baridi kali. Sisi tulichagua mwisho wa Desemba, shule zimefungwa, vuli imepungua, na peasi na plamu zimeanza kujaa sokoni. Ubaya wake ni kwamba wenyeji wote wa Usambara walioko mijini hurudi kwao kwa sikukuu, kwa hiyo vyumba na mabasi hujaa. Dawa yake ni kuweka nafasi miezi miwili kabla.

Pili, fedha. Nilitengeneza mafungu manne: nauli, malazi, chakula, na fungu la dharura ambalo ni sehemu moja ya kumi ya jumla yote, na haliguswi ila kwa ugonjwa au kuharibika kwa gari. Kila mwezi, kwa miezi kumi na moja, tulitia katika kibubu. Watoto nao walitia sarafu zao. Mtoto aliyechangia safari halalamiki njiani. Anajua ni yake.

Tatu, njia. Ondokeni mapema mfike mchana. Watoto wale kitu chepesi, wakae mbele, watazame mbele. Kipande cha tangawizi kinasaidia. Mwenye gari lake ashuke mlima kwa gia ndogo, asitegemee breki peke yake, maana zikipata moto hazishiki. Na msiupite Soni kama mnaopita kituo cha basi. Kuna maporomoko ya maji karibu kabisa na barabara. Simameni, watoto wanyoshe miguu.

Nne, chakula. Hapa ndipo wengi wetu tunapoona haya, na haya hiyo ndiyo inayoharibu likizo. Msafiri Mwislamu aulize mapema, kwa simu, kwa adabu na kwa uwazi, mambo matatu: nani huchinja nyama yenu, je, jikoni mnapika nguruwe, na kama ndiyo, kwa sufuria zipi, na je, pombe huuzwa pale watoto wanapokula? Mwenye nyumba mwema hachukii kuulizwa. Anayechukia amekwisha kujibu.

Lushoto si mji wa kutia hofu katika jambo hili. Waislamu ni wengi sana katika milima ile, misikiti ipo mjini na vijijini, na adhana mnaisikia kutoka bonde hadi bonde. Lakini vilevile ni nchi ya misheni tangu zamani. Walutheri walifika Mlalo mwaka 1891. Baadhi ya nyumba za wageni zilizo safi na za bei ya kadiri ni za makanisa, na Mwislamu anaweza kulala humo kwa amani kamili. Kinachotakiwa ni kuuliza tu. Na palipo na shaka, milima ile imejaa chakula kisichohitaji kisu cha mchinjaji: makande, viazi, kabeji, karoti, maharage, ndizi, mshunga, mayai, maziwa, na matunda.

Sisi tulipanga nyumba ndogo yenye jiko lake. Lakini tahadhari! Nyumba yenye jiko inaweza kumfanya mama watoto apike kama kawaida, ila katika baridi. Hiyo si likizo, ni uhamisho. (Kicheko na makofi kutoka kwa akina mama) Kwa hiyo tuliandika zamu ukutani. Siku mbili nilipika mimi na wavulana, siku mbili tulimlipa mama mmoja jirani atupikie, siku nyingine tulialikwa au tulikula mkahawani. Mke wangu kwa siku saba hakugusa mwiko. Siku ya kwanza alikuwa akizungukazunguka kama mtu aliyepoteza kitu. Siku ya tatu alilala mpaka saa tatu asubuhi. Nilimwacha.

Tano, ibada. Njiani tulijumuisha na kupunguza swala kama ilivyo ruhusa ya msafiri. Wengi wetu wa pwani tunafuata madhehebu ya Shafii, ambayo ndani yake anayekusudia kukaa mahali siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, hahesabiwi tena msafiri, hivyo huswali kwa ukamilifu. Muulizeni shehe wenu kabla ya kuondoka, msije mkabishana milimani. Na kibla cha Lushoto ni rahisi: ni kaskazini, kikiinamia mashariki kidogo mno. Kijana mwenye dira ya skauti apewe kazi hiyo, ataona fahari.

Sita, na hili ndilo kubwa: msijaze siku. Nilipoandika ratiba ya kwanza niliweka mambo matatu kila siku. Mwenzangu wa bweni aliisoma, akafuta mawili kila mahali. "Jambo moja kwa siku," alisema. "Zaidi ya hapo umerudi ofisini."

YA KUONA

Kwa hiyo tulifika Jumanne tarehe 22 Desemba 2009, tukaondoka Jumanne iliyofuata.

Siku moja tulitembea kwenda Irente, kama kilomita tano au sita kutoka mjini, pole pole kupitia mashamba. Pale mlima umekatika ghafula, na chini yako, karibu mita elfu moja, unaona nyika imetandazwa kama mkeka, na nyumba za Mazinde kama punje. Shikeni mikono ya watoto, maana ukingoni si mahali pa mchezo.

Siku nyingine tuliingia msitu wa Magamba pamoja na mwongozaji, baada ya kulipa kiingilio. Ni msitu wa asili, mbichi, wenye kimya. Tuliwaona mbega weusi wenye manyoya meupe mabegani wakiruka kutoka mti hadi mti. Katika misitu ya milima hii ya Usambara ndimo Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Tanga, alimookota mwaka 1892 kiua kidogo cha zambarau kiitwacho Saintpaulia, ambacho leo kimo katika vyungu vya madirishani dunia nzima. Wanaokipanda Ulaya wengi hawajui kwamba ni mtoto wa Tanga.

Siku moja tulizunguka mjini tu. Wajerumani waliuita mji huu Wilhelmstal, yaani Bonde la Wilhelm, kwa jina la Kaisari wao. Walipapenda kwa sababu ya hewa inayofanana na kwao. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na kutoka hapo walipanda mlimani kukimbia joto la pwani na homa. Nyumba zao za kuta nene bado zipo. Niliwaeleza wanangu kwamba kupumzika Lushoto kulikuwa zamani haki ya mtawala peke yake, na waliobeba mizigo ya watawala juu ya mlima walikuwa babu zao. Kijana wangu mkubwa akasema, "Basi sisi tunapumzika kwa niaba yao." Sikuwa na la kuongeza.

VUGA

Ijumaa ya wiki ile ilikuwa tarehe 25 Desemba. Noeli na Ijumaa zilikuwa zimekutana. Mwenzangu wa bweni alikwenda kanisani na jamaa yake asubuhi, sisi tukaenda msikitini adhuhuri, kisha tukakutana nyumbani kwake. Alikuwa amenunua mbuzi. Hakumchinja. Alimwita jirani yake, mzee wa msikitini, akamchinja mbele ya macho ya Mama. Na mke wake alikuwa amenunua sufuria mpya mbili, zikiwa bado na karatasi ya dukani, akamwonyesha Mama: "Mama, hizi hazijapika kitu. Leo zinaanza na wewe."

Mama alikula. Akaomba kuongezewa.

Niliikumbuka shule hii. Wenzangu mnakumbuka Jumamosi za nyama? Aliyechinja alikuwa daima Mwislamu, na hakuna aliyetuambia ni kwa heri ya dini gani. Ilikuwa ili sufuria iwe moja na meza iwe moja. Tulidhani ni kanuni ya jikoni. Kumbe ilikuwa somo. Mwaka 2013, tuliposikia kwamba huko Kanda ya Ziwa ugomvi juu ya nani achinje umefika mpaka kuuawa mtu, nilizikumbuka zile sufuria mbili mpya. Nikajua kwamba amani ya nchi nayo hupangwa, tena jikoni, na watu wanaouliza na kuulizwa bila ya kuona haya.

Kesho yake tulikwenda Vuga, ambayo si mbali na Soni. Mama alikaa mbele, karibu na dereva. Vuga palikuwa makao ya wafalme Wakilindi. Mmisionari Krapf alimtembelea Kimweri ye Nyumbai mwaka 1848, na Burton na Speke walifika mwaka 1857; mfalme yule alikufa mwaka 1862. Mambo yao yameandikwa na Abdallah bin Hemedi katika kitabu chake cha Kiswahili, Habari za Wakilindi. Vijana, kitafuteni.

Mama hakuwa na haja ya kitabu. Alikaa chini ya mti, akawaambia wajukuu habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu, aliyewaua nguruwe mwitu waliokuwa wakimaliza mazao ya Wasambaa, akawagawia watu nyama, akamwua na simba, wakamfanya mfalme. Yule mtoto wa mwisho, yule wa jiko la mkaa, akauliza, "Bibi, kumbe ufalme ulianza kwa nyama ya nguruwe?" Tukacheka wote. Mama akasema, "Hao walikuwa kabla ya dini kutufikia. Wewe shika hili: alipata kitu, hakula peke yake."

Nyumba aliyozaliwa haikuwapo. Ilikuwapo migomba tu, na mwamba aliokuwa akianikia mahindi. Aliugusa ule mwamba kwa kiganja, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Twendeni, watoto wasipate baridi."

Mama yangu alifariki Machi 2011. Katika mahesabu yangu yote ya miaka thelathini na minne, hakuna fungu nililolitumia vizuri kuliko lile la Desemba 2009. Na hakuna linalonisumbua kuliko miaka kumi na tisa iliyolitangulia, ambayo ningeweza kumpeleka na sikumpeleka.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Kwa wenzangu wa zamani nasema: likizo yenu mwaka huu msiiuze. Chukueni karatasi leo usiku, andikeni majira, fedha, njia, chakula, ibada, na jambo moja kwa siku. Kwa ninyi vijana nasema: huyo anayelala kitanda cha jirani bwenini, wa dini yako au wa dini nyingine, mtendee vizuri. Hujui ni mlima gani atakupokea na mama yako.